Zabibu Nne Ndani ya Mfuko

Hii stori inanionyesha mjinga, najua, na nitaisimulia hivyohivyo.

Nauza zabibu mtaani Nkuhungu. Mchumba wangu aligoma: wazee wangu wasikanyage kwao kuleta posa mpaka tupime damu wote wawili. Mdogo wake alikuwa na sikoseli. Upepo wa baridi wa mwezi wa saba ukianza tu, mtoto analia mifupa, na wa kumbeba mgongoni kumpeleka hospitali ni yeye, dada mtu. Mpaka wakamzika.

Mimi nikamwambia, "Mimi mzima, wewe mzima, tupime nini?"

"Baba na mama yangu nao wazima," akanijibu.

Nikaenda. Majibu yakatoka: hatuumwi, lakini wote wawili tumebeba kile kinasaba cha sikoseli ambacho mtoto akikirithi kwa baba na mama, wote wawili, ndiyo anaumwa. Nesi wa kutuelezea alikuwa mama mtu mzima, Mnyamwezi. Mimi Mgogo. Watani, na utani hauna cha hospitali.

"Kila mimba," akasema, "kuna nafasi moja kati ya nne mtoto azaliwe mgonjwa."

Mimi haraka: "Mama, mbona rahisi! Tunazaa watatu, wa nne tunamwacha hukohuko."

Mchumba wangu akaangalia chini. Nesi wala hakukasirika.

"Mtani, la saba ulimaliza au walikuchoka? Lete hizo zabibu."

Nilikuwa nimembebea nesi kama zawadi. Akachagua nyeusi tatu na moja ya kijani, zote zimeiva, akazitia kwenye mfuko wa kaki.

"Ya kijani ndiyo mtoto mgonjwa. Fumba macho, utoe moja. Na usipapase, muuzaji wewe!"

Nikatoa. Ya kijani. "Basi," nikacheka, "mbaya nimeshaimaliza!"

"Rudisha. Hiyo ni mimba ya kwanza. Ya pili inaanza na zote nne. Mfuko haukumbuki ulichotoa."

Nikarudisha, akatikisa, nikatoa. Ya kijani tena.

Nikaishika ile zabibu, nikashindwa kuirudisha. Nesi akaichukua mwenyewe, taratibu, halafu akatueleza: wapo wanaozaa na kumpima mtoto mapema ili aanze dawa, wapo wanaoamua kutozaa, wapo wanaoachana. "Mimi siwaamulii," akasema. "Nataka muamue mkiwa mnajua."

Mji wetu huu una wasemaji, wa kanisani na wa bungeni. Zaidi ya yule nesi, sijasikia mwingine anayekuambia jambo zito hivyo bila kukutisha na bila kukudanganya. Zabibu nauza kila siku, yeye ndiye aliyenifundisha kuzitazama.

Tulipotoka nje, mchumba wangu akanishika mkono.

"Ulipotoa ile ya pili uliacha kucheka," akasema. "Ungecheka, ningerudi nyumbani peke yangu. Mambo ya watoto tutaongea taratibu. Wazee wako waambie waje."