Mkono wa Vidole Vinne

Cheka ukitaka, hata mke wangu alianza kwa kucheka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na pombe situmii.

Asubuhi hiyo nilishuka peke yangu kwenye duara letu, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu hapa Geita, kukagua matimba, yaani nguzo za miti zinazozuia udongo. Nguzo moja ikalia, ikavunjika. Kifusi kikaziba nilikotokea, tochi ikapotea. Nyuma yangu zilibaki njia za kale zilizochimbwa na Wazungu, ambazo siku hizi hakuna anayezijua. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nililia, sikufichi.

Ndipo mkono ukanishika. Mkavu, wa baridi, hauna kidole cha mwisho.

"Wewe kuja," sauti ya mzee ikanong'ona, Kiswahili cha Mzungu wa zamani. "Hapana sema."

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukaanza kutambaa. Sasa mimi ni Msukuma, tena mtu wa maneno. Kwetu ukikutana na mtu unamuuliza ni wa ukoo gani. Kunyamaza ni kukosa adabu. Nikamuuliza, "Ng'wa nani, baba, mwana wa nani? Jina lako nani, nije nikushukuru?"

Mkono ukaniachia.

Unalijua giza la chini ya ardhi? Nilipapasa huku na huku, nikagusa mwamba tu. Hewa ilikuwa inakwisha. Nikaapa kwa sauti, "Baba, siulizi tena! Si leo, si kesho!" Nikanyoosha mkono gizani, nikangoja. Kisha vile vidole vinne vikarudi kiganjani mwangu.

"Hapana jina," akasema. "Jina naua rafiki."

Tulitokea kwenye korongo nyuma ya kilima, jua la saa nane likanipiga machoni. Nilipogeuka kumshukuru niliona tundu na nyasi. Alama za magoti zilikuwa zangu peke yangu.

Baadaye nilikuwa mtaa wa Kalangalala, mjini Geita, kwa Bibi Zuhura muuza vitumbua, nikisimulia mkasa wangu, maana kusimulia sikuapa kuacha. Nilipofika kwenye kidole, bibi aliweka upawa chini. Marehemu baba yake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyekosa kidole hicho hicho, mtu wa Poland.

"Wanazi walipoiteka nchi yao," akaniambia, "yeye na wenzake walipigana nao kwa siri. Alipitisha watu kwenye mitaro ya maji machafu chini ya mji. Hawakuambiana majina, ili atakayekamatwa asiwe na wa kumtaja. Ila rafiki yake mmoja alijulikana jina. Likatajwa kwenye mateso, naye akauawa. Vita vilipokwisha mzee akaja kufanya kazi shimoni huku, akafia hapa hapa. Alikuwa akiitwa..."

"Bibi, nisamehe. Usinitajie."

"Wewe?" Akacheka mpaka machozi. "Wewe unayeuliza hata jina la mbuzi wa jirani?"

Niamini, nina raha siku hizi. Bado nashuka, na njia za kale siziogopi. Nawe ukishikwa mkono gizani ukaambiwa twende, nenda, adabu utazitimiza juani. Mwanangu ana miaka minne sasa. Juzi aliniuliza ni nani aliyenitoa shimoni. Nikamjibu simjui, na sijawahi kujibu swali kwa furaha kama ile.