Moshi Uliotafutiwa Mwenyewe

Ukitaka kumjua Emérita wa Kibabi, muulize mtu yeyote aliyewahi kumuuzia kitu. Emérita hanunui jibini mpaka ajue ng'ombe alikula wapi na kwa nini ya wiki iliyopita ilizidi chumvi. Mumewe Straton husema kwamba siku alipokwenda kumposa alihojiwa mpaka akadhani amesimamishwa kwenye barriere ya askari barabarani. Hata mchungaji Sebarenzi, ambaye hapendi kukatizwa, alikwisha kuzoea kumwona mama huyo akimsubiri mlangoni baada ya ibada ili amuulize ilikuwaje Nuhu akajua kutofautisha nyoka dume na jike.

Lakini walimpenda. Alikuwa na sauti iliyoweza kubeba wimbo kanisa zima likaufuata, na msimu ule wazee wa kanisa walikuwa wamekubaliana awekwe kuwa shemasi, Jumapili ile ile ya Meza ya Bwana. Kwa mwanamke ambaye mama yake mzazi aliuza pombe kali ya kanyanga mpaka akafa, na ambaye alikulia katikati ya walevi waliolala mlangoni, ushemasi haukuwa jambo dogo. Emérita alikuwa ameapa tangu utotoni kwamba pombe na tumbaku havitagusa midomo yake, na havikugusa. Kanisa lake pia lilikataza vyote viwili, na aliyekutwa navyo aliwekwa pembeni, akakaa benchi la nyuma, asiguse mkate wala kikombe.

Straton alikuwa mchomeleaji vyuma kule mgodini Bisie, ndani ya misitu ya Walikale, na alirudi nyumbani kwa nadra. Watoto walikuwa wanasoma Goma kwa shangazi yao. Ndiyo maana Emérita aliishi peke yake na mama mkwe wake, Mukasine, bibi mwembamba, mkimya, mshirika wa kanisa tangu ujana wake. Walilala chumba kimoja kwa sababu ya baridi. Baridi ya milima ya Masisi haina adabu, inaingia bila kubisha hodi. Straton alijua hilo, na likizo iliyopita alikuwa ameziba kila ufa wa ile nyumba ya mbao kwa makaratasi na nailoni, akasema sasa mama yake hatakohoa tena.

Basi msimu ule barabara ya Mubambiro na Sake ilikuwa inapitika, na kwa barabara hiyo wakaja watafiti. Mkubwa wao alikuwa binti wa Butembo aitwaye Aimée, mwanafunzi wa afya ya umma huko Goma, mwenye koti la mvua refu kuliko yeye mwenyewe. Walikuja kutafuta njia za kupunguza madhara ya pombe na tumbaku vijijini. Waliuliza watu wanakunywa nini, wanavuta nini, wameanza lini, wangependa kupunguza au la. Pia walikuwa na kimashine kidogo cha mkononi. Unavuta pumzi, unaishika, unapuliza polepole, nacho kinawasha taa: kijani, njano, au nyekundu, kwa kadiri ya sumu ya moshi iliyomo ndani yako. Walitaka kujua kama mtu akiona moshi wake kwa macho atapata hamu ya kuupunguza.

Nani angebaki nyumbani? Kijiji kizima kilimiminika kwenye kituo cha afya asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado haujapanda. Papa Michel, ambaye sigara kwake ni kidole cha sita, alipuliza akapata nyekundu, akainua mikono kana kwamba amefunga bao.

"Muone! Mi njo wa kwanza!" akasema. "Mashini inanijua!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Emérita hakuja kupuliza. Alikuja kuuliza. Aliuliza kimashine kinanusa namna gani bila pua, na sumu hiyo inakaa mwilini muda gani. Aimée, aliyechoka kuulizwa "mutatupatia nini," alifurahi kupata swali la kweli, akamjibu yote: inakaa saa nyingi, kisha inatoka polepole ukiwa kwenye hewa safi.

"Na muntu mwenye havutake, inaonesha nini?" Emérita akauliza.

"Upulize tuone, Mama."

Akavuta pumzi, akashika, akapuliza. Taa ikawaka nyekundu.

Shingo zote zikageuka. Aimée alisema, tena kwa sauti, "Mashini inaonaka moshi tu, haijue ni moshi ya nini." Nani alimsikiliza? Papa Michel alikwisha kumpokea Emérita kwa mikono miwili. "Karibu kwetu, Mama Shemasi!" Na kicheko kilichofuata kiliisomba sauti ya binti kama mto unavyosomba jani.

Pafukapo moshi pana moto, wakasema wenye midomo. Kumbe ndiyo maana anauliza maswali mengi, anaficha yake. Kumbe damu ya muuza kanyanga haipotei. Kabla jua halijazama mzee mmoja wa kanisa alikuwa amefika kwa Emérita, akakaa, akakunja miguu, akasema kwa upole wote wa dunia kwamba ushemasi utangoja, na kwamba Jumapili ataitwa mbele ajieleze. Asipojieleza, benchi la nyuma analijua.

Emérita alilia, kwa sababu iliuma. Kisha, kwa vile alikuwa Emérita, akapangusa uso na kuanza kushangaa. Yeye alijua kwamba havuti. Mashine nayo haikuwa na sababu ya kumchukia. Basi huo moshi uliingia kwake kwa mlango gani?

Kesho yake jioni, baada ya kulima viazi kutwa nzima upande wa juu wa mlima, alikwenda moja kwa moja kituoni na jembe lake begani. "Dada Aimée, unipime tena." Akapuliza. Kijani.

Walitazamana. Aimée akatikisa kimashine, akampima tena. Kijani ile ile. Asubuhi iliyofuata Emérita alirudi na usingizi machoni. Nyekundu.

"Sasa hii ni kitu gani?" Aimée akauliza, na macho yake yakang'aa kama ya mtoto aliyeona mkia wa panya ukiingia shimoni. Hapo Emérita akajua kwamba amempata mwenzake.

"Mchana moshi inatoka, usiku inaingia," akasema Emérita.

"Unalala na nani?"

Emérita akajifunga kitenge upya, akaaga. Alilala na Mukasine.

Alirudi nyumbani kwa mwendo wa pole. Mukasine alikuwa amekwenda kuchota maharage kwenye ghala la dada yake. Ni mwiko mkwe kupekua vitu vya mama mkwe. Kumtazama sana usoni tu ni utovu wa adabu, seuze kumfungulia mzigo wake. Lakini swali likimshika Emérita halimwachi, na mikono yake ilikwisha kufika chini ya kitanda cha bibi kabla adabu haijamkuta. Ndani ya kikapu, chini ya kitenge cha kuzikiwa, alikuta kiko cha udongo chenye mrija mweusi na fungu la tumbaku.

Alikaa chini. Mama huyu, mshirika wa miaka yote, aliyewafundisha wasichana wa kanisa kwamba mwili ni hekalu! Emérita alitaka kucheka, akataka kukasirika, na alipokwisha kutaka vyote hivyo akaona jambo lenyewe lilivyo. Jawabu analo mkononi. Akilitoa Jumapili, yeye atakuwa shemasi, na Mukasine, katika uzee wake, atatolewa mbele ya wajukuu wa watu aliowabatizisha. Akakirudisha kiko mahali pake, akafunika kitenge, akaenda kumenya viazi.

Siku zilizobaki alipika, akala, akazungumza na mama mkwe juu ya mvua. Kituoni hakwenda tena. Aimée alimtuma mtu kumwita, akajibu kwamba ana kazi.

Jumapili ikafika. Mchungaji Sebarenzi hakuwa mtu mbaya, lakini alipenda mambo yaende kwa utaratibu. Alimwita Emérita mbele, karibu na meza iliyofunikwa kitambaa cheupe.

"Mama Emérita, kanisa inakupenda. Utuambie tu: ile moshi inatoka wapi?"

Emérita alitazama kitambaa. Mwanamke aliyeuliza kila kitu maishani mwake sasa aliulizwa swali moja, na jibu alilijua. "Sina cha kusema, Pasta," akasema.

Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi. Mchungaji akapumua, akafungua mdomo kutoa hukumu.

"Ungojee kidogo."

Ilikuwa Mukasine. Alikuwa amesimama upande wa wanawake wazee, akijishikilia kwenye bega la jirani.

"Ile moshi njo yangu," akasema. "Mi navutaka kiko. Tangu mbele ya ubatizo navuta, sikuacha hata siku moja. Huyu mutoto analala karibu na mimi, moshi yangu njo ilimuingia. Mumuachilie."

Hakuna aliyecheka, hata Papa Michel, aliyekuwa amekuja kanisani siku hiyo kwa ajili ya kuona tu. Mchungaji aliitazama meza, akamtazama Mukasine, akaitazama meza tena. Mwishowe utaratibu ukamwokoa. Mukasine akaongozwa taratibu mpaka benchi la nyuma, na Emérita akapewa mkate na kikombe. Alivipokea, akageuka kulitazama benchi la nyuma.

Kesho yake Aimée alifika nyumbani kwao jioni bila kualikwa, na kimashine mfukoni. Alikuwa amesikia habari za kanisani na hazikumtosha. "Mama, unisamehe," akamwambia Emérita. "Moshi ya kiko ya muntu mwingine, hata mukilala pamoja, ni ngumu sana ipandishe ile taa mupaka nyekundu. Sikulala juu ya hii jambo. Naomba nione tu vile munalalaka."

Wakamwonesha. Ilikuwa desturi yao, kama ilivyo ya majirani wengi: chakula kikiisha kuiva kwenye jiko la nje, mbabula, jiko dogo lenye makaa yanayowaka, inaingizwa chumbani, inawekwa kati ya vitanda viwili, mlango unafungwa, na watu wanalala kwenye joto. Makaa mazuri hayatoi moshi wa kuonekana, na wanawake wa Kibabi hujisifu kwa kuyachagua. Aimée alisimama mlangoni akaangalia mbabula, kisha akainua macho kwenye kuta, kwenye yale makaratasi na nailoni ya Straton, kila ufa umezibwa kwa upendo.

Akashika pumzi yake mwenyewe kwanza, akapuliza: kijani. Halafu wakafunga mlango, wakakaa wote watatu wakipiga soga mpaka Aimée akaanza kusugua kipaji cha uso. Akapuliza. Taa ya mtafiti, binti asiyejua sigara, ikawaka njano.

Alisimama kwa ghafla akafungua mlango. "Mama, asubuhi kichwa haikuumake?"

"Kila siku," akasema Emérita. "Wanasema ni malaria."

"Si malaria. Ni sumu ya hii mbabula. Inauaka watu kimya kimya, na harufu haina." Aliwakataza kuingiza mbabula tena, akaahidi kurudi asubuhi kumweleza mchungaji kwa kinywa chake. Kabla ya kuondoka alimtazama Mukasine, akasema kwa heshima kwamba kiko nacho si rafiki, na akitaka kukipunguza wao wapo, hawamlazimishi. Mukasine akaitikia kwa kichwa.

Walipobaki wawili, mbabula ikiwa nje uani inazimika, Emérita hakuweza kujizuia. Adabu ilimwambia anyamaze, naye akauliza.

"Mama, kiko unavutiaka wapi?"

"Kule kwenye migomba, nyuma ya shamba. Wakati unaenda kuchota maji."

"Humu ndani hapana?"

"Humu ndani?" Mukasine alionekana kukasirika kidogo. "Nivutie muntu mwenye amelala? Mi ni munyama?"

Emérita alimgeukia. Sasa alimtazama usoni, mwiko au si mwiko. "Basi ulijua. Mbele ya kanisa, ulijua kama ile moshi haikuwa yako."

"Nilijua."

"Na ukasema ni yako. Sasa uko ku benchi ya nyuma, na haikuwa yako. Juu ya nini, Mama?"

Bibi alikunja kitenge juu ya magoti, akakinyoosha, akakikunja tena.

"We uliona kiko," akasema. "Kitenge yangu ya kuzikiwa nakunjaka mimi peke yangu, naijua. Nikasema, leo atanisema. Haukusema. Kesho yake haukusema. Pasta anakuuliza mbele ya watu wote, na jibu uko nayo ku mudomo, na unamwambia hauna cha kusema." Akakilaza kitenge magotini. "Nimezaa watoto wengi, Emérita. Hakuna mwenye alinifichia aibu yangu namna ile. Mi ningekaa tu, niangalie?"

Emérita akalia. Safari hii hakupangusa uso, wala hakuwa na swali lolote.

"Lia, mutoto wangu," akasema Mukasine. "Lakini kwanza utoboe zile nailoni za bwana yako, tupumue."

Akasimama, akachana nailoni iliyokuwa juu ya kitanda cha bibi, kisha ile ya upande wa pili. Baridi ikaingia yote. Wakavuta vitanda vikakaribiana, wakajifunika blanketi moja.