Shairi Tulilogawiwa Kwenye Mahindi

Enzi zetu hapa Karatu, baada ya mavuno, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, tulikaa kwenye ngozi ya ng'ombe tukipukuchua mahindi mpaka vidole vikachubuka. Makande yalichemka jikoni na harufu yake ilitutuliza. Wajukuu zangu leo wakishika hindi moja wanauliza glavu ziko wapi.

Mwaka mmoja aliketi nasi mpangaji wetu wa chumba cha uani. Tulimwita Mwalimu. Alikuwa mshairi kutoka nchi ya mbali kaskazini, ambako wanajeshi walishika serikali kwa jina la mapinduzi, kisha wakaanza kukamata watu wanaoandika. Rafiki zake walifungwa kwa karatasi zilizokutwa chini ya godoro. Kwa hiyo yeye aliacha karatasi. Alitunga kichwani, akatugawia sisi watoto, kila mmoja mstari wake, kwa lugha yake ambayo hatukuielewa. Tuliimba tukipukuchua. Akisahau, alituuliza.

Siku moja, Mwalimu akiwa kisimani, wanaume wawili walikuja na gari wakimtafuta ndugu yao. Matamshi yao yalikuwa kama yake. Mama aliwakaribisha wakae. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, akawapa maziwa ya mgando. Ndipo mdogo wangu Paulina, kwa mazoea tu, akaanza kuimba mstari wake.

Mmoja akashusha kibuyu. "Huyu mtoto amejifunza wapi?"

Mama akacheka. "Baba, watoto wa hapa wanaokota kila kitu kwa watalii. Juzi alikuwa anaimba Kijerumani."

Akaanzisha wimbo wa kanisani, tukamfuata kwa nguvu mpaka koo zikauma. Waliondoka bila kuaga. Mama alikatiza shambani kwenda kisimani, na Mwalimu hakurudi hata kuchukua shuka lake. Mpaka leo sijui kama alifika popote.

Mwezi uliopita tulimzika Paulina, na mstari wake umekwenda naye. Mimi nilishika wangu tu. Vijana wa sasa hawana cha kuficha. Wakinywa chai, dunia nzima inaona kikombe. Baada ya mazishi mjukuu wangu alinielekezea simu.

"Bibi, imba ule wako nirekodi, watu wausikie."

Nilimwambia afunge mlango kwanza. Alicheka, akadhani natania.