Asubuhi Niliyogawa Mbegu

Hadi leo nikisikia harufu ya majivu yaliyochanganywa na maharagwe, mwili unanisisimka. Kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, baba alihifadhi mbegu namna hiyo, ndani ya mtungi karibu na meko, wadudu wasiibungue. Watoto tuliambiwa: hata njaa ikipiga hodi, mbegu hailiwi.

Vita vilipotukimbiza hadi Mpofi, mtungi ule ndio mali tuliyobeba. Baba akapata kazi ya kubeba magunia ya madini msituni, kisha barabara ikafungwa, na kazi ikafa. Huzuni ilikuwa ikimjia na kuondoka tangu ujana wake. Safari hii ilikuta sufuria tupu, ikakaa.

Akaacha kutia majivu. Mchana, nyumba ikiwa kimya, niliweka sikio kwenye mtungi nikawasikia wadudu wakisaga ndani, krr, krr, na baba ameketi kando, anasikiliza pia. Halafu akaanza kupiga hodi kwenye nyumba yetu wenyewe. Alisimama nje akingoja kukaribishwa. Mimi, mjinga wa watu, nilidhani ni mchezo, nikawa namjibu, "Karibu, mgeni!" Hakucheka hata mara moja.

Asubuhi moja ya msimu wa kupanda, mama akiwa ameenda kulima mashamba ya watu, baba alinikabidhi mtungi na kopo, nikawagawie majirani mbegu yote. Alitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa wiki nyingi. Nilizunguka kijiji kizima nikiimba, nikijiona binti wa tajiri.

Wa mwisho alikuwa Mama Neema, dada yake baba. Alipokea kopo lake, akachungulia ndani ya mtungi.

"Na ya kwenu iko wapi?"

"Papa amesema ya kwetu hakuna lazima tena."

Jembe alilokuwa ameshika likamponyoka. Shangazi alikuwa mnene, mtu wa kutembea polepole, lakini siku ile alikimbilia kwetu nikashindwa kumfikia.

Tulimkuta baba ameketi mlangoni, amevaa shati la kanisani siku ya kazi. Shangazi hakuzungukazunguka.

"Kaka, uniambie kweli. Unawaza kujiua?"

Niliogopa. Sikujua kwamba watu wazima waliweza kuulizana hivyo.

"Muntu mwenye hawezi kulisha batoto yake, ule ndio mugeni," alisema. "Na mugeni anaendaka."

Kisha akalia. Shangazi aliketi naye chini, akamshika mkono, wala hakumwambia ajikaze.

Tangu siku hiyo hakuachwa peke yake. Shangazi alimpeleka kwa muuguzi. Majirani walirudisha mbegu, kila mmoja siku yake, na kila aliyerudisha alibaki kupanda naye mstari mmoja. Umaskini haukuisha msimu ule, wala huzuni. Maharagwe yalikuwa yametoa maua baba alipoingia ndani bila hodi, na mama akageuza uso ukutani ili tusimwone akilia.

Nilielewa nikiwa tayari mama wa watoto watatu, nikitia majivu kwenye mbegu yangu mwenyewe. Mkulima anayetoa mbegu yote hategemei kuiona mvua nyingine. Asubuhi ile nilikuwa nikimgawa baba yangu, kopo kwa kopo, huku nikiimba.