Mwaka Uliochongwa Juu ya Mlango wa Naftali

Mzee Alute aliitwa kushika ngazi, akaenda shingo upande. Chuo kilikuwa kimemtuma mtaalamu, dada mmoja aitwaye Winfrida, kuchunguza umri wa mlango wa mawe wa kanisa la kijijini kwao, nje kidogo ya Sepuka. Juu ya mlango ule, katikati ya masuke ya mtama yaliyochongwa vizuri mpaka mtu anatamani kuyapukuchua, pameandikwa 1911. Kijiji kinajivunia mwaka huo kupita kiasi. Wanasema waliochonga ni wamisionari, maana eti nani mwingine angeweza?

Wazee wa zamani karibu wote wameshakufa; Bibi Rebeka peke yake ndiye anayebisha. Kila Jumapili akiingia hugusa jiwe la mlango na kusema kwa sauti, "Huu ni wa mume wangu." Vijana humcheka. Alute naye alishacheka, tena si mara moja, na hilo ndilo lililokuwa likimla ndani kwa ndani. Alijua kwamba mama wa watu anasema kweli.

Marehemu Naftali, mume wa Rebeka, ndiye aliyemfundisha ufundi: kuwasha moto juu ya mwamba, kuumwagia maji mpaka upasuke, kisha kuuendea kwa tindo na nyundo polepole. Mwaka 1986 wazee wa kanisa walitaka sikukuu ya miaka sabini na tano, na askofu alikuwa anakuja. Kanisa la 1911 lilikuwa la udongo na lilishabomoka zamani. Mlango uliokuwepo, wa kanisa jipya la mawe, ulikuwa na jina la Naftali na mwaka 1957. Wakamwita Alute, kijana wa miaka ishirini na minne: futa, andika 1911. Angeweza kukataa. Wapi! Alifurahi kuonekana fundi. Siku ya sikukuu Naftali alipitisha kidole pale palipofutwa, akamtazama mwanafunzi wake, akaingia kusali. Alikufa miaka minne baadaye bila kumuuliza neno.

"Mzee, hapa pana jambo," Winfrida alisema kutoka juu ya ngazi. "Alama za tindo kwenye masuke zinalalia upande mmoja tu. Nadhani mchongaji alitumia mkono wa kushoto. Hizi za kwenye namba zinalalia upande wa pili. Na jiwe limebonyea, kuna maandishi yaliyofutwa. Unafahamu lolote?"

Naftali alikuwa wa mkono wa kushoto.

"Shuka kwanza, mwanangu," Alute alisema. "Nisije nikakuangusha."

Akamweleza yote, naye Winfrida akaandika. Lakini kumwambia mgeni hakukumpunguzia aibu hata kidogo. Siku hiyo hiyo akaenda kwa Rebeka, akamkuta anapepeta uwele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwema?"

"Si kwema, mama. Jina la mzee pale mlangoni nililifuta mimi."

Rebeka hakuacha kupepeta. Alimsikiliza mpaka mwisho, Alute akieleza huku analia.

"Sasa mimi unaniambia ya nini, Alute?" alisema. "Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nampelekea uji pale pale akichonga. Kawaambie wanaocheka."

Jumapili, wakati wa matangazo, Alute alisimama mbele. Alieleza habari ya tindo, ya wazee, ya askofu. Lakini alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuchanganya miaka. Halafu kijana mmoja wa kwaya akasema, si kwa sauti ya chini sana, "Na babu naye kaanza ya Bibi Rebeka!"

Wakacheka, benchi baada ya benchi.

Alute alitaka kukaa. Akamtafuta Rebeka kwa macho, akamwona ameketi wima, mikono mapajani, hacheki wala halii, anamsubiri tu amalize.

Alute akapaza sauti.

"Mlango huu ni wa Naftali," alisema. "Na nilipokuwa nacheka pamoja nanyi, nilikuwa najua."