Mwezi Uliokataa Poda

Bibi harusi yeyote wa Sa Đéc, mji wetu wa maua kusini mwa Vietnam, aliyetaka kuonekana mweupe kuliko alivyozaliwa alipelekwa studioni kwa Khuê. Watu walisema hata mkaa ukiingia kwa Khuê hutoka mchele, na hawakuwa mbali na ukweli. Mama wa watu alikaa mbele ya kompyuta, miwani puani, akisugua mashavu ya mabinti kwa kipanya mpaka jua lote la mashamba ya maua likawatoka. Akimaliza bibi harusi aliwageukia mashangazi waliosimama nyuma. Hakuna aliyelalamika, au tuseme waliolalamika walisema tu, "Dada wa Sita, ongeza kidogo." Huku kwetu mtu huitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa, naye alizaliwa wa sita.

Picha aliyojivunia zaidi ilikuwa ya Nhạn, muuza tofu wa sokoni. Nhạn ameungua na jua na mvuke wa masufuria tangu utotoni, lakini dirishani kwa Khuê alisimama na shela kando ya bwana harusi, mweupe pe, shingo kama ya sanamu. Wageni walipomuuliza mumewe, Cảnh, ni nani huyo aliyesimama naye, alijibu, "Hata mimi simjui. Mimi nilioa mwingine." Watu wakacheka, Nhạn akacheka nao, mambo yakaishia hapo.

Kazi hiyo ilimlisha Khuê vizuri, ila uso ni uso, na baada ya maelfu ya nyuso mtu huchoka. Ndipo alipouzoea mwezi. Mpiga picha za ndege aliyekuwa anahama mji alimwachia darubini kwa bei ya kutupa. Khuê akaipandisha juu ya paa, katikati ya kamba za nguo, akafunga kamera nyuma yake. Aliupiga mwezi picha nyingi mfululizo, akazilaza moja juu ya nyingine kwenye kompyuta mpaka zikawa picha moja safi, kisha akaanza kuvuta rangi, kidogo kidogo, kama mtu anayevuta ndoo kisimani asiimwage.

Rangi zikaja. Hapa buluu ya wino, pale rangi ya kutu, pembeni waridi iliyofifia. Wapenzi wenzake wa mwezi, wale wa mtandaoni, walimweleza kuwa ni mawe yenyewe: penye madini ya titani kwa wingi huja buluu, yanapopungua huja kutu. Jicho halizioni rangi hizo kwa kuwa ni hafifu mno. Haziongezwi, huvutwa tu kutoka pale zilipo. Khuê alifurahi mpaka akalia, nami simcheki. Alikuwa amepata mteja asiyeomba chochote.

Sasa, kila sikukuu ya mwezi mpevu mtaa wetu hutundika picha kubwa ya mwezi nyuma ya jukwaa la watoto. Ile ya zamani ilikuwa imeliwa na panya. Mwenyekiti wa mtaa, Mjomba wa Nane, akamwagiza Khuê achape nyingine. Khuê akachapa, akaipeleka ofisini imeviringishwa kama mkeka, akaikunjua mbele ya wazee waliokuwa wanakunywa chai.

Mjomba wa Nane aliitazama, akamtazama Khuê, akairudia picha.

"Nini hii?"

"Mwezi, Mjomba."

"Mbona umechubuka hivi? Umeanguka na pikipiki?"

Wazee wakaangua kicheko. Khuê akaeleza habari za mawe, akaeleza na kutu. Alipofika kwenye titani, mzee mmoja alikuwa amekwisha lala.

"Wa Sita," mwenyekiti akamkatiza, "mke wangu nilikukabidhi ana rangi ya chai, ukanirudishia ana rangi ya maziwa. Leo unaniambia hii ndiyo rangi yake mwezi? Kweli Cuội kapata mwenzake!"

Cuội ndiye yule mwongo wa hadithi anayekaa chini ya mti wake huko mwezini. Watoto wetu huonyeshana kivuli chake katika mabaka meusi. Kufananishwa naye si sifa.

"Upake poda kidogo, binti yangu. Uwe mweupe kama watoto walivyouzoea."

"Siupaki."

Hata yule mzee aliyelala alifumbua jicho. Miaka yote ya studio, neno hilo halijawahi kumtoka Khuê kinywani.

"Basi jioni ya sikukuu lete hiyo darubini yako uwanjani," akasema mwenyekiti. "Utuonyeshe hizo rangi mbele ya watu. Ukiweza, tunatundika. Ukishindwa, tunatundika mweupe, na utauchapa wewe mwenyewe."

Khuê akaviringisha picha yake, akarudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesema kweli kwa rangi, na hakuna aliyemwamini. Na angewalaumu vipi? Yeye ndiye aliyewafundisha kwamba picha yake ni poda. Mwosha huoshwa. Aliwaza kwamba akishindwa mbele ya mtaa mzima, hata yeye ataanza kujitilia shaka, na hilo ndilo lililomtisha.

Jioni ya sikukuu watoto walizunguka na taa zao za karatasi, keki za mwezi zikakatwa, mabalungi yakamenywa. Mwezi ulipopanda juu ya paa la shule, Khuê akasimamisha darubini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha mbinguni ni vivyo hivyo: Mjomba wa Nane akainama, kiuno kikalia kwa sauti.

"Naona mweupe tu."

"Jicho halitoshi, Mjomba. Nipe simu yako. Nikipiga kwa kamera yangu mtasema nimetia mkono."

Mwenyekiti akatoa simu mpya kwa maringo, akaifuta kwa shati. Khuê akaishikilia penye tundu la darubini, akapiga, akaiinua juu watu waione. Mwezi ulikuwa mweupe, laini, hauna baka hata moja, kama yai lililomenywa.

"Cuội yuko wapi?" mtoto mmoja akapiga kelele. "Cuội kaondoka!"

Mwingine akaanza kulia. Khuê mwenyewe akashtuka. Ameufuta mwezi! Akaigeuza simu, akapekua, mara akaona. Kumbe mwenyekiti alikuwa ameiacha kwenye ule mtambo wa kulainisha nyuso, unaofuta makunyanzi na madoa bila kuulizwa. Ndiyo maana kwenye picha zake za mtandaoni Mjomba wa Nane alifanana na mjukuu wake.

"Lo! Kumbe Mjomba naye ana studio mfukoni!" alidakia Nhạn muuza tofu. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Nhạn akapenya mbele, akatoa simu yake kuukuu, kioo kimepasuka. "Chukua hii, Dada wa Sita. Hii haina akili ya kudanganya."

Khuê akapiga tena. Mabaka yakarudi, Cuội akarudi na mti wake, mtoto akanyamaza. Kisha Khuê akamrudishia Nhạn simu, akamwonyesha pa kugusa ili rangi zikolee.

"Vuta wewe. Mimi nisiguse."

Nhạn akavuta kwa kidole kinene chenye alama za moto. Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu upande mmoja ukaanza kuwa na kutu, na upande wa pili, polepole, buluu. Ilikuwa hafifu, yenye chengachenga, lakini ilikuwapo. Mjomba wa Nane akavaa miwani, akaishika simu karibu na picha kubwa, akalinganisha baka kwa baka huku akinong'ona kama anayesali. Alipomaliza alivua miwani.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Tundikeni."

Watu wakashangilia. Khuê alikuwa mrefu usiku huo kuliko nguzo ya taa. Alipokea kipande cha keki, akatamba, "Niliwaambia! Mwezi siupaki poda, hata aniambie nani!"

Nhạn peke yake hakucheka.

"Dada, mwenyekiti alikuomba uupake, ukakataa."

"Nikakataa!"

"Mimi mbona hukunikatalia?"

Khuê akasita, keki ikiwa njiani kwenda mdomoni. "Wewe... si mlitaka wenyewe, mdogo wangu? Mama mkwe wako alisema..."

"Na mwenyekiti naye alisema."

Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana liliuma zaidi. Akaipangusa simu yake, akaenda zake kuwawashia wanawe taa iliyozimika. Khuê alibaki na keki mkononi, hana hamu nayo.

Kesho yake asubuhi alifunga studio, akaenda sokoni kwa Nhạn na kamera.

"Simama hapo."

"Dada, nina nguo za kazi."

"Hizo hizo."

Akampiga picha mbele ya sufuria, mvuke nyuma yake, jua shavuni. Alipoketi kwenye kompyuta, mkono wake ulikwenda wenyewe kulisugua lile shavu. Akaukalia. Kwa mkono wa pili akavuta rangi kidogo tu, na ikaja: hudhurungi yenye wekundu chini yake, rangi ambayo miaka yote alikuwa akiifuta bila kuitazama. Aliona aibu, akaendelea kuangalia.

Akaishusha picha ya harusi dirishani, akaiweka hii.

Jioni Cảnh, mumewe Nhạn, alipita na gunia la soya nyuma ya pikipiki. Akapitiliza, akafunga breki, akarudi kinyumenyume. Khuê akatoka mlangoni amejiandaa kutukanwa.

"Kama umeudhika, sema, mdogo wangu. Nitaitoa."

Cảnh alishuka kwenye pikipiki. Alivua helmeti, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akakifuta kwa mkono wa shati, akatazama tena.

"Huyu namjua," akasema.