Kitambaa Kilichofunguliwa kwa Ajili ya Wageni

"Shangazi, hivi sisi binadamu tupo kwa ajili ya nini hasa?"

Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa. Yeye alikuwa chali sakafuni, kichwa chini ya mashine ya joto wanamolazwa watoto njiti, skrubu mbili kazibana kwa midomo. Akazitema kiganjani.

"Nipe hiyo bisibisi ya nyota," akasema. "Hilo swali lina miguu mirefu. Liache litembee kwanza."

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, anaishi nasi, na hospitali nzima ilimwita Bisibisi. Alikuwa fundi wa mitambo, mwanamke pekee kwenye karakana ya wanaume watano waliomtania kwamba hata chai anakoroga kwa spana. "Na nyie mnakoroga kwa ulimi," huwajibu, "ndiyo maana kazi haziishi."

Alikuwa na utaratibu wake. Mashine ikiharibika, aliifunga kitambaa chekundu kwenye mpini. Manesi wote walijua: ukiona chekundu, hulazi mtoto, usipokiona, laza. Na hakukifungua mpaka aweke chupa ya maji na kipimajoto ndani, ashinde siku nzima akichungulia kama joto linapanda na kushuka.

Mimi shuleni nilikuwa najaribu kulijibu swali langu mwenyewe. Mwalimu wa sayansi alisema kiumbe yupo ili aishi na azae. Mwalimu wa dini alisema tupo ili tumwabudu Muumba. Niliandika moja huku, jingine kule, nikapata vyema mbili. Nilidhani mambo yamekwisha.

Mwaka uliofuata wakaja wageni wakubwa kukagua hospitali. Daktari mkuu akaamuru vitambaa vyote vyekundu vifunguliwe, wodi isionekane chakavu. Shangazi siku hiyo alitumwa mbali kuchukua vipuri. Mashine mbovu zilikuwa nne. Wageni walipoondoka, vitambaa vitatu vikarudishwa. Cha nne kikasahaulika mfukoni mwa koti la mtu. Nesi wa zamu ya mchana hakuona chekundu, akamlaza mtoto wa siku tatu. Mtoto akapoa, akafa humohumo ndani ya kioo, taa ya mashine ikiwaka kijani.

Baada ya siku tano daktari mkuu alikuja nyumbani kwetu, na mchungaji wa hospitali nyuma yake. Nilijifanya nafuta meza, meza ileile, mara ya tatu. Walikuwa na karatasi: mashine ilikuwa nzima, mtoto amekufa kwa udhaifu wa kuzaliwa. Ilibaki saini ya fundi tu.

"Mtoto hakufika hata kilo moja, dada," alisema daktari. "Kimaumbile walio dhaifu huchujwa. Ndivyo uhai ulivyo tangu uanze."

"Na kila nafsi ina siku yake," mchungaji akapokea. "Kazi ya Mungu haina makosa, binti."

"Ngojeni kwanza," Shangazi akasema. "Mungu ndiye aliyefungua kitambaa changu?"

Daktari akamsogezea karatasi na kalamu.

"Basi ni maumbile? Maumbile yana vidole?"

"Dada, majirani," baba akanong'ona.

"Wasikie! Mzigo wao wanambebesha Mungu kama hamali, akichoka wanayapokeza maumbile!" Akamgeukia daktari. "Mama yake mmemwambia nini?"

"Tumemfariji."

"Nimeuliza mmemwambia nini."

Daktari akakohoa. "Kwamba mwili wake haukuwa na nguvu za kumkuza."

Shangazi aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akamrudishia daktari kwenye mfuko wa shati, taratibu. Kisha akavaa kandambili akatoka. Nikamkimbilia.

Mama wa mtoto alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni, maziwa yameloanisha gauni lake. Shangazi alimwambia yote: mwili wako haukukosea kitu. Nilidhani atalia amkumbatie. Badala yake alisema, "Kumbe ulijua ni mbovu! Kitambaa ulikuwa nacho, mdomo hukuwa nao? Na mimi nilikuwa nimeshamwachia Mungu, nalala." Akafunga mlango.

Kabla mwezi haujaisha Shangazi alifukuzwa kazi. Siku hizi anatengeneza pasi na redio barazani. Daktari mkuu bado ni daktari mkuu. Nikiandika hapa kalamu inatoboa karatasi.

Sasa niko kidato cha tatu. Wiki iliyopita mwalimu wa baiolojia aliandika ubaoni: walio dhaifu huchujwa. Nikasimama nikapaza sauti kwamba huo ni uongo wa madaktari. Nikaambiwa nilete mzazi. Shangazi ndiye aliyekuja. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akamwomba radhi kwa niaba yangu! Njiani nililipuka.

"Umewatetea!"

"Mwalimu wako amesema kweli kuhusu swala na fisi. Ugomvi wangu si na swala."

"Basi tupo kwa ajili ya nini, Shangazi? Nilikuuliza nikiwa na miaka kumi. Ulifukuzwa, na yule mama akakufungia mlango. Kwa faida gani?"

Akasimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli akampigia kengele, hakusogea.

"Mambo ya Mungu nitaongea naye mwenyewe, nina mengi ya kumwambia. Na hizo seli zenu sijawahi kukutana nazo. Ila yule mtoto hakuomba miujiza. Aliomba joto. Joto tu! Kuku hajasoma, hajasali, lakini kifaranga akitetemeka anamfunika. Sisi tuna vyeti na vitabu vitakatifu, tukashindwa, halafu tukakaa kitako kutafuta maneno mazuri. Kwa hiyo andika hivi, mwanangu, na mwalimu akikupa sifuri mlete kwangu: tupo, kwanza kabisa, ili tusishindwe na kuku. Tukishaliweza hilo, ndipo tuulizane mengine."